Gari: Maana Zake za Kale na za Sasa

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Bara Hindi, machache yamezoeleka kama neno gari. Mtoto hulijua kabla hajajua kusoma, na mtu mzima hulitumia mara nyingi kwa siku bila kufikiri. Lakini mazoea hayo ndiyo yanayoificha historia yake. Msomaji wa leo akikuta katika maandishi ya mwaka 1900 kwamba mtu fulani alipanda gari, mara moja huona akilini mwake chombo chenye injini na usukani. Na hicho sicho alichokusudia mwandishi. Kosa la namna hiyo halimpati msomaji wa kawaida peke yake. Laweza kumpata mfasiri, na kwa mkono wake likaingia katika kamusi na katika sheria. Yafaa, basi, maana za neno hili zipangwe moja moja, ionekane kila moja ilitoka wapi na imefikia wapi.

ASILI YA NENO

Katika Kihindi na Kiurdu neno ni gari, na sauti yake ya katikati hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi na kuipiga mbele. Kigujarati kina neno lilo hilo, nalo huandikwa kwa herufi ya namna ya d. Lakini d hiyo ikiwa kati ya irabu mbili husikika karibu sana na r. Kwa hiyo r ya Kiswahili haitoshi kuamua kama neno lilifika kwa vinywa vya wasemao Kihindi au kwa vinywa vya wafanyabiashara wa Gujarati na Kachi, ambao walikuwa wengi Unguja na Mombasa katika karne ya 19. Huenda lilifika kwa njia zote mbili.

Lililo muhimu zaidi ni maana yake huko kwao. Kihindi hakikulifunga neno hili kwa chombo kimoja. Gari la kukokotwa na ng'ombe ni bail-gari, la farasi ni ghora-gari, na treni ni rel-gari. Neno gari likisimama peke yake, maana hutegemea mahali: kwenye stesheni ni treni, nyumbani kwa tajiri wa leo ni motakaa. Yaani tangu asili neno hili lilikuwa jina la jumla, lenye kungoja neno la pili liliainishe. Kiswahili kilipokopa neno kilikopa na tabia hiyo, nayo ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo.

MAANA YA KWANZA: CHOMBO CHA MAGURUDUMU

Kabla ya karne ya 19 mwambao wa Afrika Mashariki haukuwa na haja kubwa ya jina la chombo cha magurudumu. Mizigo ya mjini ilibebwa na mahamali, na ya bara ilibebwa na wapagazi. Njia za misafara zilikuwa nyembamba, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mmoja. Na mahali pengi mbung'o waliua ng'ombe na farasi ambao wangeweza kukokota. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alikwenda na ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa ili kujua kama njia hiyo ingefaa kwa magari ya kukokotwa. Mwaka uliofuata magari yenyewe yalijaribiwa, ng'ombe wakafa, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.

Unguja mambo yalikuwa tofauti kidogo. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga mwaka 1879 reli fupi ya kutoka mjini kwenda Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu, na baadaye ikaletwa injini ya mvuke. Mombasa nayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na vigari vyepesi vilivyopita juu ya reli nyembamba mitaani, vikisukumwa na watu kwa mikono. Abiria alikaa kitini chini ya kipaa, na wasukumaji wakakimbia nyuma. Chombo hicho hakikuwa na injini wala mnyama, na Waingereza wa Mombasa wenyewe walikiita kwa neno hili hili la Kihindi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kamusi za kwanza zilieleza neno gari kwa upana. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, zote zilishika jambo moja: gari ni chombo chochote kiendacho kwa magurudumu. Alama yake ilikuwa gurudumu; nguvu ya kukiendesha haikuulizwa. Anayekokota aweza kuwa ng'ombe, punda, farasi au binadamu, na kila mara neno la pili lilitaja tofauti hiyo: gari la ng'ombe, gari la punda, gari la farasi.

GARI LA MOSHI

Reli kubwa ndizo zilizolieneza neno hili bara. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ile ya Mombasa ilianza mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Na reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Katika ujenzi wa reli ya Mombasa waliletwa maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi, watu ambao neno gari lilikuwa lao tangu utoto.

Jina la chombo kipya lilitungwa kwa mfano uliokuwapo tayari baharini. Meli iendayo kwa mvuke ilikuwa imekwisha kuitwa merikebu ya moshi. Basi gari liendalo kwa mvuke likaitwa gari la moshi. Jina halikutaja mvuke, ambao ndio wenye nguvu, bali lilitaja moshi, ambao ndio uonekanao kwa mbali.

Palikuwa na ugumu mmoja. Gari ni kitu kimoja chenye magurudumu yake. Lakini treni ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja. Je, gari la moshi ni ile injini itoayo moshi, au ni kila chumba kifuatacho nyuma, au ni mfululizo wote? Katika usemi wa kawaida neno lilichukua maana zote tatu, na hali ya maneno ndiyo iliyoamua. Baadaye lugha ilijisaidia. Behewa, ambalo zamani lilikuwa ukumbi au ua wa ndani ya nyumba, likawa chumba cha treni. Injini ikaitwa kichwa. Na mfululizo wote ukapata jina treni kutoka Kiingereza. Gari la moshi likabaki, lakini limeanza kuandikwa kama neno moja, garimoshi, na kiungo chake cha katikati kimeanguka.

Jina hili limeushinda moshi wenyewe. Injini za mvuke zilipokwisha na kufuatwa na injini za dizeli, hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kamusi bado yaweza kuziita garimoshi bila kusema uongo. Neno likishakuwa jina, sehemu zake haziulizwi tena ushahidi.

MOTAKAA NA KUFINYIKA KWA MAANA

Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motakaa, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwaka 1909. Chombo cha namna hiyo kilipoanza kuonekana katika nchi hizi kilikuwa na jina lake mbali, motakaa au motokaa, kutoka Kiingereza. Wakati huo motakaa ilikuwa aina moja ya gari, kama vile gari la ng'ombe lilivyokuwa aina nyingine.

Kisha mambo yakageuka. Barabara zilivyozidi kujaa motakaa, watu waliacha kutaja aina, na neno gari likisemwa peke yake likafahamika kuwa ni hiyo. Jina la jumla limechukuliwa na mmoja wa jamaa, naye motakaa limebaki neno la wazee na la vitabu. Mageuzi hayo hayakuondoa maana pana. Yaliisukuma nyuma, ikajificha katika majina ya maneno mawili.

Ni rahisi kuona mpaka ulipo sasa kwa kutazama ni kipi ambacho msemaji wa leo atakubali kukiita gari bila kuongeza neno. Basi ni gari, na lori ni gari, ijapokuwa kila moja lina jina lake. Daladala na matatu ni magari pia. Lakini pikipiki si gari, ijapokuwa ina injini na magurudumu. Mkokoteni si gari, ijapokuwa una magurudumu na huchukua mzigo mzito. Kiti cha magurudumu si gari, na baiskeli si gari. Kuhusu treni wasemaji hutofautiana: aliye stesheni husema "gari limeingia" bila wasiwasi, lakini mtu aulizwaye barabarani kama treni ni gari husita kwanza. Na bajaji, yenye injini na magurudumu matatu, husitisha zaidi.

Kutokana na mifano hiyo yaweza kusemwa kwamba alama ya gari imehama. Zamani gurudumu lilitosha. Siku hizi gurudumu ni la lazima lakini halitoshi: hutakiwa pia injini, na bodi ambayo watu huingia ndani yake badala ya kuipanda kwa kutanua miguu. Hata hivyo mtu huyo huyo anayekataa kuuita mkokoteni gari hutamka "gari la ng'ombe" bila kuona kosa lolote. Maana ya kale haijafa. Inaishi chini ya ulinzi wa neno la pili.

Ndiyo sababu sentensi kama "nimeachwa na gari" haina maana moja. Mwenye kuisema akiwa Tabora stesheni ameachwa na treni; akiwa kituo cha mabasi ameachwa na basi; na akiwa mlangoni pa ofisi huenda ameachwa na dereva wa mkubwa wake. Katika hili Kiswahili kinafanana kabisa na Kihindi.

USHAHIDI WA LUGHA JIRANI

Anayetaka kujua neno lilimaanisha nini zamani asiangalie Kiswahili peke yake. Lugha zilizolipokea neno mapema mara nyingi huhifadhi maana ambayo mkopeshaji ameiacha.

Katika Kiganda eggaali ni baiskeli, na treni ni eggaali y'omukka, yaani gari la moshi neno kwa neno; lakini motakaa ni emmotoka. Katika Kinyarwanda igare ni baiskeli, na motakaa ni imodoka. Kinyankore nacho huita baiskeli egaari. Mpangilio huu una mafunzo. Neno lilipofika katika nchi za maziwa makuu lilikuwa bado jina la chochote chenye magurudumu. Motakaa ilifika na jina lake yenyewe. Na chombo cha magurudumu kilichoenea mikononi mwa watu wa kawaida kilikuwa baiskeli. Jina la jumla likakaa hapo. Sheria iliyofanya kazi ni ile ile ya pwani, ila chombo kilichokuwa kingi kilikuwa kingine.

Kwingineko matokeo ni tofauti tena. Kwa Waamhari wa Ethiopia gari ni gari la farasi. Kwa Wasomali gaari ni motakaa. Katika Kichewa cha Malawi motakaa huitwa galimoto, jina ambalo sehemu yake ya kwanza ni neno hili hili, na ya pili yatoka katika mota, ingawa mwenye masikio ya Kibantu husikia humo moto uwakao. Lugha hizo hazikulipokea neno kwa njia moja, lakini zote zaonyesha kwamba mzizi mmoja umekaa juu ya farasi huku, juu ya baiskeli kule, na juu ya injini pengine, kila mahali ukikifuata kile kilichokuwa mbele ya macho ya watu.

NGELI YA NENO

Gari liliingia katika ngeli ya li-ya pamoja na maneno mengine ya kigeni kama duka, dirisha, bakuli na shati: gari limeharibika, magari yameharibika. Huo ndio usanifu, na vitabu vimeushika. Katika mazungumzo, hasa Kenya bara lakini si huko peke yake, husikika pia gari imeharibika, gari zimeharibika. Yawezekana majina ya vyombo vipya yenye upatanisho wa i-zi, kama motakaa, treni, teksi na pikipiki, yamelivuta gari upande wao. Maana vyombo vya jamii moja hupenda kufuatana hata katika sarufi.

Garimoshi lina tatizo lake. Anayeandika gari la moshi hana shaka kuhusu wingi: magari ya moshi. Akiliunganisha neno, aseme magarimoshi, au aseme garimoshi zimefika? Namna zote mbili zimeandikwa. Ya kwanza yafaa zaidi, kwa kuwa kichwa cha jina bado ni gari, na msemaji bado anakihisi. Wingi kigari na vigari, kwa udogo, hauna mgogoro. Nao umehifadhi maana pana kuliko neno mama, kwani kigari cha mtoto husukumwa kwa mkono wala hakina injini.

TAFSIRI NA SHERIA

Madhara ya kuchanganya maana huonekana wazi katika tafsiri. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 walihitaji jina la chombo cha vita cha zamani, chenye magurudumu mawili na kukokotwa na farasi. Walichagua gari, nao hawakukosea: kwa maana ya kamusi za wakati wao, chombo hicho kilikuwa gari kama gari jingine lolote. Msomaji wa leo husoma habari za magari ya Farao, au za gari la moto lililotokea mbele ya Eliya na Elisha, akacheka kimoyomoyo. Baadhi ya tafsiri za baadaye zimeongeza maneno kama "ya vita" ili kuziba pengo hilo. Neno la zamani lilikuwa sawa. Wasomaji ndio waliokuwa wamehama.

Katika sheria jambo si la kuchekwa. Mwaka 1958 mwanafalsafa wa sheria H. L. A. Hart alitoa mfano ambao umekuwa maarufu: kanuni inayokataza kuingiza chombo cha magurudumu katika bustani ya umma. Motakaa hapana shaka imekatazwa. Lakini je, baiskeli, viatu vya magurudumu, au motakaa ya kuchezea watoto? Mfano huo ulitolewa kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ugumu huongezeka, kwa kuwa neno lenyewe lina mipaka miwili, wa kale na wa sasa. Bango likisema "Magari hayaruhusiwi", mwenye mkokoteni wa maji atapita akiwa na haki kwa Kiswahili cha leo, na hana haki kwa Kiswahili cha mwaka 1903.

Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa hiyo swali hili limetoka vitabuni. Usemi wa askari wa barabarani na wa serikali umekwisha kupata njia: chombo cha usafiri kwa yote, na chombo cha moto kwa kila kiendacho kwa injini, pikipiki na bajaji zikiwamo. Hapo pana jambo la kutazamwa na wanaochunguza maana za maneno. Chombo, pamoja na kuwa jina la kitu cha kutumia nyumbani, kwa watu wa pwani lilikuwa jahazi. Lilikuwa neno la baharini, na gari likawa neno la nchi kavu. Gari lilipofinyika na kuacha nafasi ya jina la jumla wazi, chombo kilipanda kutoka baharini kikaikalia. Neno halifinyiki peke yake. Jirani yake hupanuka.

MPANGO WA MAANA KATIKA KAMUSI

Kutokana na yaliyotangulia, maana za gari zaweza kupangwa hivi:

1. Chombo chochote chenye magurudumu cha kuchukulia watu au mizigo, kikikokotwa, kikisukumwa au kikienda kwa injini. Hii ndiyo maana ya kwanza kwa wakati. Siku hizi hupatikana zaidi pamoja na neno la kuainisha (gari la ng'ombe, gari la farasi) na katika kigari.

2. Treni, au injini yake, au behewa lake moja. Kwa ukamilifu gari la moshi, au garimoshi. Bila neno la pili hufahamika penye reli.

3. Katika tafsiri za maandiko ya kale: chombo cha vita kilichokokotwa na farasi.

4. Chombo cha barabarani chenye injini na bodi, kwa kawaida chenye magurudumu manne au zaidi: motakaa, basi, lori. Hii ndiyo maana ya kawaida ya neno likisimama peke yake leo.

5. Hasa motakaa ndogo ya mtu binafsi, kama mtu asemapo kwamba fulani amenunua gari.

Mpangilio huu umefuata wakati, wala si wingi wa matumizi. Kamusi ya wanafunzi yaweza kuanza na maana ya nne, nayo itakuwa imefanya vyema. Lakini kamusi ya wasomaji wa maandishi ya kale haina budi kuanza na ya kwanza, na kuonyesha mwaka wa maandishi ambamo kila maana imepatikana. Mfasiri naye, kabla ya kuandika gari peke yake, yampasa aulize ni nini kilichopita njiani siku hiyo mbele ya macho ya mwandishi. Akiona ni ng'ombe, aandike ng'ombe.